Nati za Silinda ya Nane

Kwa miaka miwili nilikuwa namwibia baba yangu kazi, na nilijiona mjanja kweli.

Kila alipomaliza kukaza nati za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krankishafti, Baba alikuwa anadondoshea kila nati tone la rangi nyekundu. Maana ya tone hilo ni kwamba hapa pamekazwa, asiguse mtu. Halafu ananawa mikono, anachukua kikombe chake cha bati na kwenda kunywa chai kwa fundi viatu wa jirani. Hapo mimi nachomoa sandukuni spana ya kipimo, ile inayolia nati ikishakaza sawasawa, naingia chini ya injini na kuzipitia nati zote, moja baada ya nyingine. Kila safari nilikuta mbili tatu zimelegea. Mikono ya Baba ilikuwa imeanza kutetemeka, na mtu aliyefufua injini za watu kwa miaka arobaini humwambii usoni kwamba mikono yake imechoka. Nikimaliza tu namsikia anakohoa mlangoni kabla ya kuingia. Nilidhani ni kifua.

Injini ya safari hii ilikuwa ya daktari wa meno. Alikuwa na gari la zamani lenye boneti ndefu kama kitanda, na chini ya boneti silinda nane zimepangwa kwenye mstari mmoja, kutoka kwenye rejeta mpaka karibu na magoti ya dereva. Zikifanya kazi zote vizuri unaweza kusimamisha sarafu juu ya injini na isianguke. Mtu mwingine angeshukuru. Daktari alitaka akashindane nalo kupanda mlima, kwa hiyo alitaka nguvu.

Tukampa nguvu. Tulichonga silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ili mgandamizo upande, tukafunga kabureta mbili mahali pa moja, tukatengeneza upya kamshafti inayofungua vali, tukatia konrodi nyepesi. Injini iliyozaliwa kuzunguka mara elfu tatu kwa dakika sasa tuliitaka izunguke elfu nne na nusu. Ukifanya hivyo, bolti za konrodi ndizo zinazobeba dhambi zenu zote. Nati ikiachia, konrodi inatoboa ukuta wa injini na kutoka nje, oili inamwagikia bomba la moshi lenye moto na tairi za nyuma, na dereva anakuwa abiria. Sisemi haya kwa kusoma. Juu ya rafu yetu kuna konrodi imepinda kama ndoana, ya gari lililotengenezwa karakana nyingine kabla sijazaliwa. Mwenye gari alitembea na fimbo mpaka mwisho wa maisha yake. Baba aliiokota ile konrodi barabarani akaiweka pale tuione kila siku.

Jumanne ya wiki ile tuligombana. Nilisema hedi imechongwa kupita kiasi, na Baba, mbele ya Daktari, akanijibu, "Wewe unajua injini gani? Wewe unajua kubeba spana."

Moyoni nilichemka. Mimi mwanamke wa miaka thelathini na nane, ninayemfichia aibu yake kila wiki! Nikajiapiza kwamba kazi yake safari hii ataimaliza mwenyewe. Siku mbili baadaye akakaza konrodi, akatia rangi, akachukua kikombe akaenda zake. Mimi nikakaa juu ya ndoo, nikakunja mikono nikala karanga. Alipokohoa mlangoni nilikuwa nimeshazoa maganda. Nikaona matone mekundu kumi na sita, mawili kwa kila konrodi, nikafunga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Tulipoiwasha pale ndani ikanguruma taratibu, bila kosa.

Jumamosi saa tatu asubuhi gari likatoka kwenda kujaribiwa kwenye mlima wa machimbo, kilomita kumi na nne kutoka kwetu. Usukani alishika mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye hujaribu magari yetu kabla hatujayakabidhi, Daktari akakaa pembeni yake. Mdogo wangu huyu tulimwita Konokono, na jina nilimpa mimi. Anavuta breki ya mkono mara mbili, kisha anashuka kuangalia kama imekaza. Nilimwambia, "Leo ukipitwa na baiskeli usirudi nyumbani." Akacheka, akaondoka. Simu yake akaisahau kwenye chaji juu ya benchi.

Baba alikuja na vikombe viwili vya chai, kimoja changu. Hajawahi kuniletea chai. Akakaa, akaangalia sakafu.

"Jumanne nilikosea," alisema. "Nilikuvunjia heshima mbele ya mteja."

"Yameisha, Baba."

"Hayajaisha. Mimi najua unapita nyuma yangu. Tangu mwanzo najua. Unadhani chai ya fundi viatu ni tamu kiasi gani?" Alitabasamu kidogo. "Sasa niambie, ile ya nane uliikaza vizuri? Maana kule nyuma pamebana, mikono ilikataa kabisa. Nilizungusha nati kwa vidole tu, nikatia rangi, nikasema mwanangu ataipitia."

Niliweka kikombe changu chini. Baba akaniangalia, na tabasamu likamtoka.

"Uliipitia?"

"Sikupitia, Baba. Sikugusa hata moja. Nilikuwa na hasira."

Kikombe kikamponyoka. Hakuna aliyekiokota.

Nilimpigia Daktari nikiwa nakimbilia pikapu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikakata tena. Ndani ya gari lile, injini ikinguruma kwa nguvu zote, usingesikia hata mtu akikuita sikioni. Nikawasha pikapu, Baba akapanda huku mguu mmoja bado uko nje.

Niseme ukweli, sijawahi kuogopa vile. Nimeshaungua, kidole changu kimoja kilishasagwa na feni, lakini hiyo ni hofu ya mwili wako mwenyewe na inapita. Hii ilikuwa inazidi kila kilomita. Nilikuwa nahesabu. Dakika ishirini na tano tangu waondoke. Kwa mwendo wa mdogo wangu watakuwa wamekaribia chini ya mlima. Kwa mwendo wa Daktari watakuwa wameshapanda. Na Daktari yuko pale pembeni, anamwambia kanyaga, na mimi mwenyewe nimemcheka asubuhi ili akanyage.

"Nati ya vidole inaweza kukaa muda gani?" niliuliza.

"Taratibu, siku nzima labda," Baba alisema. "Akivuka elfu tatu na nusu..." Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Kwenye kona ya tatu niliona doa jeusi barabarani, pana, linaelekea ukingoni. Nilisimamisha gari katikati ya njia, nikashuka nikaligusa. Lilikuwa doa la zamani, limeshashika vumbi, la lori la kokoto. Nilichungulia bondeni hata hivyo. Kulikuwa na majani tu na tairi bovu. Nilirudi garini nikilia kwa sauti, na Baba hakuniambia ninyamaze.

"Nikimkuta mzima," nilisema, "nitamwambia ni mimi."

"Utamwambia nini? Rangi nilitia mimi."

Tukavuka daraja, tukaingia kwenye barabara nyoofu inayokwenda kuanza mlima, na pale chini kabisa, kabla ya mwinuko kuanza, nikaona boneti ndefu imefunguliwa. Hakukuwa na moshi. Daktari alikuwa anazunguka barabarani ameinua simu juu, anatafuta mtandao. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya jiwe, amekumbatia magoti.

Daktari alituwahi kabla sijazima pikapu. "Fundi, afadhali mmekuja! Nimelipia farasi mkanipa mchunga mbuzi. Huyu kijana wenu kafika hapa kasimamisha gari, eti limegonga. Mimi sijasikia chochote! Nikamwambia basi nipe usukani nipande mwenyewe, akachomoa ufunguo akautumbukiza ndani ya soksi!"

Mdogo wangu aliinua macho. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kuchekwa. "Dada, najua mtasema mimi mwoga. Lakini kuna kitu kiligonga. Mara mbili tu, kule nyuma, karibu na magoti yangu. Na mshale wa kipimo cha oili ulishuka kidogo, kama upana wa ukucha. Niliogopa. Basi, niliogopa tu."

Nilimshika kichwa nikakikandamiza kifuani kwangu kwa nguvu, mpaka akalalamika kuhusu sikio lake.

Halafu nikamgeukia Daktari nikamwambia. Nilimwambia silinda ya nane haikukazwa, kwamba ilikuwa kazi yangu kuipitia na nikala karanga. Baba akanikatiza, "Ni mimi, Daktari, nilitia rangi kwenye nati iliyolegea." Nikasema Baba anyamaze, akasema ninyamaze mimi, tukawa tunagombea kosa pale barabarani kama watu wanaogombea urithi. Daktari alitusikiliza wote wawili. Akaugeukia mlima, akaupima kwa macho kuanzia chini mpaka juu, kisha akaenda kukaa kwenye jiwe alipokuwa amekaa mdogo wangu. Hakutukana. Ingekuwa afadhali atukane.

Tulilivuta gari kwa kamba. Saa nane mchana tulifungua sampu. Nati moja ya silinda ya nane ilikuwa imelala chini ya oili. Ya pili ilikuwa bado ipo, imeshikiliwa na uzi mmoja na nusu wa bolti, na juu yake tone la rangi nyekundu, safi kabisa. Baba aliigusa kwa ncha ya kidole, ikamdondokea mkononi. Mdogo wangu alitazama, akatoka nje, tukamsikia akitapika nyuma ya mapipa. Sijamwita Konokono tangu siku hiyo. Sasa anajiita mwenyewe, tena kwa maringo.

Mbio zilimpita Daktari. Nilitarajia atachukua gari lake alipeleke kwingine, lakini baada ya wiki mbili alikuja na swali moja tu: safari hii nani atakaza na nani atapitia? Akasema atarudi tukiwa na jibu.

Bolti mpya zilifika. Tukafunga upya konrodi zote nane. Baba alikaza moja mpaka saba, na ya nane akaijaribu pia, akihema, jasho likimdondoka puani. Kisha akatoka chini ya injini, akanawa mikono, akachukua kikombe chake cha bati, akaenda mpaka mlangoni. Nikasubiri atoke, kama kawaida yetu.

Hakutoka. Alirudi, akavuta ile ndoo yangu, akaketi mbele ya injini na kuwasha taa ili nione vizuri.

"Ingia," alisema. "Leo natazama."

Nilichukua spana ya kipimo nikaingia chini. Nilianza na ya nane. Nati ya kwanza ilizunguka robo nzima kabla ya spana kulia. Ya pili ikazunguka karibu nusu. Baba aliona zote mbili zikizunguka, na hakugeuza uso. Nilipofika kwenye ya saba, spana ilinichomoka mara mbili.

"Mkono wako unatetemeka," alisema.

"Naogopa, Baba."

"Na mimi," alisema, akasogeza taa karibu. "Endelea. Zimebaki kumi na nne."