Maksai Aliyefundishwa Kulala

Diwani alipopiga magoti na kulala kwa mara ya tatu asubuhi ile, katikati ya shamba, nira ingali shingoni, Nyangi alihisi damu ikimpanda kichwani. Hakumkasirikia ng'ombe. Alimkasirikia Thadeo, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye tayari alikuwa ameinua fimbo.

Thadeo alimcharaza yule maksai mpaka mkono ukamchoka, kisha akafanya lile alilolifanya siku zote: akalegeza kamba, akamtoa kwenye nira, akamwacha aende zake. Diwani akanyanyuka vizuri tu, mzima wa afya, akaenda kula majani. Mwenzake Meneja alibaki amesimama upande wa pili wa nira peke yake, kama bwana harusi aliyekimbiwa.

"Huyu amekwisha," Thadeo alisema akijifuta jasho. "Kesho namswaga mpaka Nyamuswa kwa mwenye bucha."

Mvua zilikuwa zimeshaanza kunyesha na robo tu ya shamba ndiyo iliyolimwa. Maksai mmoja havuti plau. Diwani akienda bucha, Nyangi angebaki na jembe la mkono, na kwa jembe la mkono asingepanda hata nusu ya mtama wa kulisha nyumba yake mwaka ule. Thadeo alilijua hilo vizuri kabisa. Lakini Thadeo alikuwa mtu wa nyama.

Binti yake Nyangi, Grace, alikuwa mbele ameshika kamba ya kuongozea. Alikuwa likizo kutoka Bunda, alikokuwa akisomea ualimu.

"Baba mdogo, huyo hajaisha," alisema. "Huyo amefaulu. Akilala unampigaga, halafu unamfungulia anaenda kula. Hiyo fimbo kwake ni nauli tu. Chuoni tumefundishwa hivyo: kinachokuja baada ya tendo ndicho kinachofundisha."

"Kumbe Bunda kuna chuo cha ng'ombe," Thadeo alisema.

"Mrudishe kwenye nira, shemeji," Nyangi alisema.

"Simrudishi. Mwanamume shambani hapa ni mimi."

"Basi mwanamume akae kivulini."

Walimfunga wenyewe, mama na binti. Diwani alivuta hatua kumi, akalala. Nyangi hakumpiga, wala hakugusa kamba. Alikaa juu ya bonge la udongo na kumtazama. Diwani alingoja fimbo yake, haikuja. Akangoja kufunguliwa, hakufunguliwa. Ndipo alipoanza vituko. Alikoroma, akarusha kichwa, akapiga mateke plau ikayumba, akalia mpaka mbwa wa jirani wakaitikia.

"Mtamuua ng'ombe wa kaka yangu!" Thadeo alipiga kelele kutoka kivulini. Huyo huyo aliyetaka kumpeleka machinjioni.

Nyangi aliinuka nusu, mkono ukienda kwenye kamba.

"Mama, usimfungulie," Grace alisema. "Hata hii tumeisoma. Kabla hajaacha, lazima azidishe kwanza. Ukimfungulia sasa hivi, umemfundisha kwamba dawa ni kuzidisha."

Nyangi alirudi kukaa, meno ameyauma. Muda ulipita. Mwishowe Diwani alinyamaza, akavuta pumzi ndefu, akasimama mwenyewe. Alivuta hatua mbili, na Nyangi akamsugua shingo na kumlambisha magadi. Akavuta tano, akalambishwa tena. Walipofika mwisho wa shamba, hapo ndipo Nyangi alipomfungulia, akiwa amesimama kwa miguu yake minne. Baada ya kupumzika walimrudisha, na kufikia adhuhuri walikuwa wamelima kipande ambacho Thadeo alikishindwa kwa siku tatu.

Mtu mwingine angesema ahsante. Thadeo alitoka kivulini akielekea kwenye kamba.

"Kwa kuwa amepona, nawachukua wote wawili nikalime kwangu. Ng'ombe hawa ni wa kaka yangu." Akainua sauti, akageukia barabarani ili wapita njia wasikie. "Au unataka watu wajue unavyowafanyia ndugu za marehemu?"

Nyangi aliyasikia maneno yakimfika ulimini yenyewe: chukua shemeji, yaishe. Yalikuwa maneno ya zamani. Ndiyo yaliyomtoa mbuzi matanga hayajaisha. Ndiyo yaliyokitoa kipande cha shamba kule mtoni, na mabati aliyoyaacha mumewe Stanislausi kwa ajili ya jiko. Kila mara Thadeo alipiga kelele uani, majirani wakachungulia, naye akaona aibu akatoa kitu. Funika kombe mwanaharamu apite, alijiambia. Na mwanaharamu hakupita hata siku moja. Alikwenda kula, akarudi.

Hasira aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilipata mahali pake. Miaka minne mizima, tangu matanga, alikuwa akimfungulia Thadeo.

"Hapana, shemeji," alisema. "Ng'ombe ni wa nyumba hii, na hawatoki."

Thadeo alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyesukuma mlango aliouzoea akaukuta umefungwa. Kisha akaanza upya, kwa sauti kubwa kuliko aliyowahi kuitoa. Alilitaja jina la marehemu, akataja ukoo, akabwaga kofia chini, akaipiga plau teke, akawaita watu kwa majina waje washuhudie. Watu walikuja kweli. Walisimama kwenye ua wa minyaa, wanawake kwa wanaume, na wengine walikuwa jamaa zake Nyangi wa kanisani.

Grace alimsogelea, macho yamemtoka. "Mama, watu wamejaa."

"Nawaona."

"Na anazidi."

"Si umeniambia mwenyewe kwamba lazima azidishe kwanza," Nyangi alisema. "Mwache azidishe."

Akakaa chini mbele ya wote, akanyoosha miguu, akamtazama shemeji yake akipiga kelele. Na kwa mara ya kwanza tangu wamzike Stanislausi, hakumpa kitu.