Masikio ya Fundi Hesbon

Saa tatu asubuhi Fundi Hesbon alikuwa amesimama nyuma ya duka la Jairus mjini Bungoma, kiganja chake juu ya boneti ya pikapu nyeupe, na tayari alikuwa amechoka. Boneti ilikuwa na joto. Gari ambalo mwenyewe anaapa halijawashwa tangu jana halina ruhusa ya kuwa na joto saa hiyo, na fundi aliyekula chumvi nyingi lazima aulize. Hesbon akauliza.

"Ah, nilisongesha kidogo tu, nitoe kwa matope," akasema Jairus. Alikuwa mzee wa kanisa mwenye tabasamu pana, na hakutazama boneti wala aliyeishika. "Hii gali haijawahi nisumbua, bana. Kizuri chajiuza."

Kama kizuri chajiuza, mbona yeye alikuwa akisema tangu walipofika?

Kando yake alisimama dada yake, Nelima, mwalimu aliyestaafu juzi baada ya miaka ishirini na minane ya kula vumbi la chaki. Alitaka pikapu ya kuteremsha vitunguu na viazi kutoka Kapsokwony hadi sokoni Misikhu. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa ndani ya mkoba aliokuwa ameukumbatia kifuani, na kiinua mgongo hakitoki mara mbili.

"Baba Ian, nakuachia," alimwambia kaka yake. "Mimi kwa gari najua rangi tu. Wewe ndiye masikio yangu."

Hesbon aliinama akaanza kazi. Alichomoa kijiti cha oili, akaisugua kati ya vidole. Ilikuwa nzito kama uji wa mgonjwa aliyeanza kupata nafuu. Mtu hatii oili nzito hivyo bila sababu. Alipapasa matairi upande wa ndani, ambako wauzaji huomba Mungu usipapase. Akalala chini kutafuta kutu, kisha akasoma namba ya chesi tarakimu moja moja huku Nelima akiifuata kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari. Zililingana. Macho na mikono ya Hesbon havikuwa na neno.

Neno lilikuwa kwenye masikio. Na ole wake, jina lake lote lilijengwa hapo. Kutoka Kibomet ya Kitale alikoishi hadi huku Bungoma alikozaliwa, watu walisimulia jinsi Fundi Hesbon anavyoweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akakwambia kitu gani kinakufa humo ndani na kitakufa lini. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli mpaka miaka mitatu iliyopita.

Miaka thelathini ya nyundo na mashine ya kukata vyuma ilikuwa imedai haki yake polepole. Kwanza walipotea ndege wa alfajiri. Halafu sauti za wajukuu. Halafu injini. Hakumwambia mtu. Mkewe alidhani kutoitika kwake ni kiburi cha uzee, naye Hesbon akaona afadhali kiburi. Aliendelea kuweka bisibisi sikioni na kufumba macho, akikisia mengine kwa mtetemo wa mkono. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua fika, lakini fundi asiyesikia atakula nini?

Kilichomchosha hata si kazi. Ni kusoma midomo ya watu kutwa nzima, kucheka wanapocheka, kutikisa kichwa na kuomba kimya kimya kwamba hilo halikuwa swali.

Walilijaribu gari barabarani. Hesbon aliendesha, Nelima akakaa katikati, Jairus mlangoni. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Walipoanza kupanda mlima kutoka mtoni, Hesbon akakanyaga mafuta, Nelima akamgusa mkono. Hesbon akageuka haraka kuitazama midomo yake.

"Hiyo ko-ko-ko ni ya nini?"

Jairus aligeuza uso akaanza kutazama mahindi ya watu.

Hesbon hakusikia ko wala ko. Usukani ulitetemeka, lakini kwenye barabara ile hata sahani ya chuma ingetetemeka. Alipaswa kusema hajui. Neno lenyewe lilimfika kooni. Kisha akaona Jairus amegeuka tena na anamtazama yeye, Fundi Hesbon, anangoja.

"Ni mawe," akasema. "Yanarukia chini ya gari."

"Sawa," akasema Nelima.

Alisema sawa kama mtoto aliyeambiwa na baba yake. Moyo ulimuuma Hesbon hadi kileleni, na wakati wa kurudi pia.

Dukani Jairus alikuwa na karatasi tayari, na soda tatu, na kalamu mbili ikitokea moja ikakataa kuandika. Nelima alifungua mkoba, akatoa bahasha, akaiweka mezani. Kisha akachukua kalamu. Vidole vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka kwa chaki, na akawa anaandika jina lake kwa mwandiko ule mzuri wa ubaoni, bila haraka.

"Ngoja," akasema Hesbon.

Nelima akainua uso.

"Yale si mawe. Sijui ni nini. Injini ikigonga wakati wa kupanda, mara nyingi imekufa ndani, na oili nzito ni ya kuficha. Lakini mimi sikusikia, Nelima. Sisikii. Miaka mitatu sasa sisikii."

Akakaa juu ya kreti ya soda. Kumbe maneno yenyewe yalikuwa machache hivyo! Alikuwa ameyabeba miaka mitatu kama gunia la mbolea.

Jairus alikuwa amesimama, mdomo wake ukienda mbio. Hesbon hakujisumbua kuusoma, ila mwishoni alinasa machache: "...fundi gani wewe, si ungesema mapema!" Nelima alirudisha bahasha mkobani, akafunga zipu, akamwambia mzee wa kanisa asante kwa soda.

Waliketi nje kwenye kibanda cha chai. Dada mtu hakumgombeza, na hilo lilimwumiza zaidi. Alimsogelea, akaugeuza uso wake mbele ya uso wa kaka yake ili midomo ionekane.

"Kwa hiyo hii miaka mitatu, magari ya watu ulikuwa unapima na nini?"

"Na mikono. Mengine nilikisia."

"Na kazi ilikuwa inakuja?"

"Sana. Kuliko zamani."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Hesbon. Ilikuwa ya Kiplangat, dalali wa magari kule Kitale. Mnunuzi asiye na fundi wake, Kiplangat humtafutia, na fundi mwenyewe huwa ni Hesbon. Kwa ujumbe walikuwa wamepatana kwamba Jumamosi kuna lori la mtu la kupimwa. Hesbon alimpa Nelima simu.

"Mwambie siji. Mwambie na sababu. Nimechoka, leo tumalize."

Nelima akaongea. Hesbon aliyafuata maneno ya mwanzo: masikio, miaka mitatu, pole. Kisha akanyamaza kusikiliza, na uso wake ukabadilika. Akasema neno moja kali, akakata simu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Amekasirika?"

Nelima akatikisa kichwa.

"Amesema nini basi?"

"Wacha tu, Baba Ian. Kunywa chai."

"Nelima. Sema."

Nelima akasema polepole, akitamka kila neno kama aliyesimama mbele ya darasa la kwanza.

"Amecheka. Anasema hiyo si habari, wanajua kitambo. Wauzaji wote wa Kitale wanajua. Ati ndiyo maana wanakuita wewe."

Hesbon alikuwa ameelewa mara ya kwanza. Hata hivyo alimwomba arudie, na Nelima akarudia.