Nguzo za Tangi la Ruziba

Daphrose, injinia wa tangi la maji la wakimbizi, alikuwa karibu kufika kwake Mutanga Sud alipokumbuka vibao. Akageuza njia, akafika karakana ya Mutakura roho mkononi. Fundi wa kuchomea vyuma, Akilimali, Mkongomani, alikuwa anakunywa chai.

"Vile vibao vya kuunganisha vyuma viwili viwe nguzo moja, umevichomea?"

"Vibao gani, Madame? Mi nimefata karatasi yako. Nimechomea juu na chini, basi."

Kwenye kompyuta Daphrose alikuwa amechora vyuma viwili vya umbo la U vikitazamana, akaiambia programu ivihesabu kama kimoja. Programu ikatii, na majibu yakatoka mazuri mno. Umeme ulipokatika, alikimbilia kuchora karatasi ya fundi kwa mkono kabla giza halijaingia. Vibao vikabaki kichwani mwake.

Akilimali akaokota fito mbili nyembamba za chuma, akazibana ncha zote mbili, kisha akazikandamiza. Katikati zikaachana, kila moja ikapinda upande wake. Nguzo zisizo na vibao zingefanya vivyo hivyo chini ya tangi lililojaa.

"Nguzo ziko wapi?" Daphrose akauliza.

"Zimesimama Ruziba tangu jana. Tangi iko juu. Leo wanajaza, na simu leo haipiti."

Ilikuwa saa tisa na nusu, na saa kumi wanajeshi hufunga barabara ya kusini iendayo Ruziba. Daphrose akaanza kuzoa vipande vya chuma sakafuni, vyovyote vinavyoweza kuwa vibao.

"Lete jenereta, haraka!"

Akilimali alikuwa ameshaibeba.

"Bibi yangu, mama ya watoto, iko pale chini ya tangi," alisema. "Amepanga foleni na bidoni ya maji tangu asubui."