Aliyebaki Nje ya Lango

Sulasih alipanda ngazi za hekalu la Besakih akiwa amembeba baba yake kichwani, na uzito wake haukuzidi wa kuku mmoja.

Ndivyo walivyokuwa wamemtengeneza: nazi moja, majani makavu, sarafu za kale zenye tundu katikati, vyote ndani ya kikapu kilichofungwa kitambaa cheupe. Mwili walikuwa wameuchoma mwezi uliopita, majivu wakayapeleka baharini, kisha kuhani akaiita roho irudi ikae humo. Sasa ilibaki safari moja tu. Baba apandishwe mlimani, ajulishwe kwa miungu na kwa wazee waliomtangulia, kisha arudishwe nyumbani siku hiyohiyo akaketishwe katika kihekalu cha ukoo. Asipoketishwa, si maiti tena, lakini si mzee wa nyumba pia. Anabaki njiani, na hakuna amwitaye.

Kubeba kulikuwa haki ya Sulasih. Baba mwenyewe alisema hivyo. Miaka sita alilala, upande mzima wa mwili umekufa, na ni Sulasih aliyemgeuza, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko. "Umenibeba nikiwa mzito," alimwambia siku moja. "Nikiwa mwepesi usimwachie mtu mwingine." Shangazi Renti, dada wa baba, alipinga, alitaka abebe Mirah, mke wa Kaka Wirta, kwa kuwa yeye ndiye mwanamke wa nyumba sasa. Lakini Kaka Wirta alisema neno moja tu, "Sulasih," na mjadala ukaisha.

Nyuma yao walifuata jamaa arobaini waliovaa nyeupe, wanawake na sadaka vichwani, wanaume na vyombo vya kupiga. Mlima haukuonekana. Ulikuwa umejifunika ukungu tangu alfajiri, ila harufu yake ya kiberiti ilishuka mpaka kwenye ngazi.

"Tembea kama mtu, Sulasih!" Shangazi Renti alipaza sauti. "Umebeba kaka yangu, hujabeba mayai."

"Ndiyo maana naenda polepole, shangazi."

"Kaka yangu hakupenda polepole. Angekuwa na miguu angekwisha kukupita, akakungoja juu anavuta sigara."

Watu wakacheka. Hata Sulasih alitabasamu, akakishika kikapu vizuri zaidi.

Walipofika kwenye ukumbi wa mbele ya lango waliambiwa wangoje, ukoo mwingine ulikuwa bado ndani. Sulasih alimpa Mirah kikapu amshikie kidogo, apate kukaza mshipi wake wa kiunoni uliokuwa umelegea. Hapo ndipo simu ilipotetemeka ndani ya mshipi. Akasogea pembeni, kwenye ukuta wa mawe meusi. Aliyepiga alikuwa Gunarsa, binamu yao, aliyebaki hospitalini mjini kumwangalia mama yake Sulasih.

Sulasih aliitazama simu ikitetemeka. Sheria aliijua, kama kila mtu aijuavyo. Aliyefiwa nyumbani mwake amechafuka, na haingii hekaluni mpaka siku za msiba ziishe. Lakini kuna pia jambo jingine ambalo wazee hulisema kwa sauti ya chini: uchafu wa kifo huingilia sikioni. Neno lisipotangazwa, nyumba ni safi. Kijijini kwao zilikuwapo nyumba ambazo bibi alikufa Jumatatu akaliliwa Alhamisi, harusi ilipokwisha, na hakuna aliyeuliza.

Asipopokea, hatajua. Asipojua, ataingia na baba yake.

Lakini labda mama alitaka kitu tu. Labda alitaka asikie ngoma.

Akapokea. "Gunarsa, kama ni lile, usiniambie."

"Dada Sulasih." Alikuwa analia. "Mama katutoka. Sasa hivi. Nilikwenda kuchukua chai tu, dada, chai tu, narudi nakuta..."

Ukuta ulikuwa na umande. Sulasih aliuegemea kwa bega, akahisi baridi ikipenya kwenye blauzi yake.

"Umempigia kaka?"

"Kaka Wirta kaiacha simu nyumbani. Alinionya jana. Kasema litokee la kutokea, yeye asiambiwe mpaka baba aketi. Nikataka nikae nalo, dada. Nimeshindwa. Siwezi peke yangu."

Kumbe kaka alikuwa ameyalinda masikio yake. Ya Sulasih hakuna aliyeyakumbuka.

"Usimpigie mtu mwingine yeyote," alisema. "Mpaka mimi nikupigie."

"Nimfanyeje? Wauguzi wananiuliza jamaa wako wapi."

"Kaa naye. Mwambie... Kaa naye tu."

Akakata. Kule kwenye lango kengele ya kuhani ilianza kulia, na ukoo mwingine ukaanza kutoka, nyuso zimelowa maji matakatifu.

Angeweza kusema. Neno moja, na watu arobaini wangeshuka zile ngazi walizozipanda. Sadaka walizosuka mwezi mzima zingeozea kwenye vikapu. Kuhani angefungua kalenda yake na kuwatafutia siku nyingine, labda mwakani, labda mwaka wa pili, na baba angekaa kwenye nazi yake muda wote huo akingoja. Na mama alikuwa hataki hilo. Juzi alimfukuza Sulasih kitandani kwake: "Nenda ukasuke. Mimi nina Gunarsa."

Angeweza pia kunyamaza akaingia. Nani angejua? Angejua yeye. Angemwingiza baba yake mbele ya wazee wake wote huku mikono iliyombeba ina kifo cha mkewe.

Mirah alikuja mbio, kikapu mikononi. "Haya, zamu yetu! Shika mzigo wako, wifi, mkono wangu umekufa ganzi."

Sulasih aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Siwezi kuingia," alisema. "Niko kwenye siku zangu."

"Siku zako?" Mirah alimkodolea macho. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Shangazi Renti alikuwa amekwisha kusikia. Shangazi husikia hata lisilosemwa. "Wewe! Mwezi mzima unasuka makuti, na kuhesabu siku zako hujui? Si kuna vidonge vya kuzichelewesha? Binti wa jirani alivimeza kwa ajili ya sherehe ya kuchongwa meno tu, sembuse hili!"

"Nilisahau, shangazi."

"Alisahau!" Shangazi aliwageukia watu. "Na ngazi zote hizi kapanda naye kichwani! Mirah, leta maji, tumsafishe kaka yangu. Mtoto gani huyu? Mwenyewe aliomba abebe, mwenyewe kamtia najisi."

Wakakinyunyizia kikapu maji. Sulasih alitazama matone yakiingia kwenye kitambaa. Alikuwa safi alipombeba. Kila ngazi alikuwa safi. Hilo hakuwa na namna ya kulisema.

Kaka Wirta alikuja kuona kuna nini. Mkewe akamweleza. Alimtazama Sulasih usoni, kisha akaiona simu mkononi mwake. Macho yake yalikaa hapo kidogo tu, halafu akayaondoa upesi, kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Basi," alisema. "Mirah atabeba."

Wakaingia wote, na kitambaa cheupe kikapotea langoni juu ya kichwa cha Mirah.

Sulasih aliketi kwenye ngazi, pamoja na mbwa na wauza mahindi. Alijua kinachofanyika ndani kwa kusikiliza. Kengele: kuhani anaita. Ngoma: wanamzungusha. Kimya kirefu: wameinua maua juu ya vichwa vyao. Hapo yeye angekuwa mstari wa kwanza. Akaiunganisha mikono yake mapajani, chini, pasipoonekana, halafu akaitenganisha, maana hata hilo hakuwa na uhakika nalo.

Kulia hakuweza. Macho mekundu yangeulizwa.

"Wamekuacha nje, binti?" aliuliza mama mmoja muuza mahindi, akipuliza makaa.

"Siku zangu, mama."

"Pole. Mimi zimeniacha mwaka wa kumi huu. Naingia kila siku, mpaka miungu wenyewe wamenichoka. Wananiona wanasema, huyu tena!"

Sulasih akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikaanza kugeuka njiani, ikabidi aume ukingo wa mshipi wake mpaka kikatulia. Mama yule alimtazama, akamwekea hindi moja pajani, akaendelea kupuliza.

Saa mbili zilipita hivyo. Hindi likapoa.

Walitoka wakiwa na furaha. Punje za mchele wa baraka zilikuwa zimegandamana kwenye vipaji vya nyuso zao, na Shangazi Renti mwenyewe alikuwa amelainika. "Ungeona, mwanangu," alisema, akimshika Sulasih shavu. "Moshi wa ubani ulisimama wima kama nguzo. Kapokewa. Kaka yangu kapokewa! Nilikusema vibaya, lakini ni uchungu tu."

"Najua, shangazi."

Chini, kwenye lori, Sulasih aliambiwa akae nyuma kabisa, mbali na kikapu. Mirah alianza kugawa matunda na vyakula vilivyoshushwa kutoka kwenye sadaka. Alitenga nyama ya kuku, keki za mchele na matunda mazuri kuliko yote, akavifunga kwenye jani.

"Hii ya mama," alisema, akaliweka fungu mapajani mwa Sulasih. "Na haya maji yake matakatifu. Wewe ndiye humnywesha, kaa nayo."

Chupa ilikuwa ndogo, imefungwa uzi mweupe. Sulasih hakuigusa.

"Mpe kaka," alisema. "Mimi siruhusiwi."

"Kweli, nimejisahau." Chupa ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka mbele, ikamfikia Kaka Wirta. Aliipokea, akageuka kumtazama dada yake juu ya vichwa vya watu wote.

"Sulasih," alisema. "Mama..."

"Kaka, hatujafika nyumbani," Sulasih alisema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Watu waliendelea kumenya matunda. Kaka Wirta alibaki mdomo wazi, chupa mkononi, na Sulasih aliona rangi ya uso wake ikibadilika polepole, na hakuwa na la kufanya kuizuia. Alitikisa kichwa kidogo tu: usiulize.

Kaka akageuka mbele. "Twende," alimwambia dereva.

"Tena nasema," Shangazi Renti alianza, lori likishika mteremko, "akishaketi tu, sote twendeni hospitali tukampe habari. Sote! Sulasih, wauguzi watakubali watu arobaini?"

"Watakubali, shangazi."

"Tutamwimbia mpaka ainuke kitandani," alisema Mirah.

Wakaanza kubishana waimbe wimbo gani. Mbele, shingo ya Kaka Wirta haikugeuka tena, lakini Sulasih aliona mabega yake yakitikisika kila lori lilipopita kwenye shimo, na yakaendelea kutikisika hata barabara ilipokuwa nzuri.