Mwanasesere Katika Mchuzi Wake

Bwana Gasnier alizifunua shingoni nywele za mwanasesere wa kutiwa ufunguo, mwenye kimo cha msichana mdogo, akainama, akanusa. Alinusa kwa kuvuta, macho kayafumba, na Solène, aliyekuwa akimuuza mwanasesere huyo, akageuza uso pembeni.

"Nywele za mtu hizi," alisema mkusanyaji huyo, sauti imemlegea. "Na gauni halijawahi kufuliwa. Unayaona madoa? Yumo katika mchuzi wake."

Ndivyo wasemavyo wapenda vitu vya kale wa Paris: kitu kikibaki na uchafu wake wote, kimo katika mchuzi wake, na mchuzi huo ndio wanaougombania. Huyu alikuwa nao wa kumwaga. Uso wa kauri uligandwa na mafuta ya vidole, hariri ilinuka mkojo wa panya. Solène hakupata kuona kitu cha kutia kinyaa namna ile kikipapaswa kwa mapenzi namna ile.

Lakini kabla mwanasesere hajachukuliwa, Odile, mama yake Solène, alikuwa na ombi moja: ausikie tena muziki wa mwanasesere huyo. Ajuza huyo, aliyekuwa ameketi pale dirishani, hakumkumbuka tena binti yake kwa jina, ila muziki ule aliuulizia kila asubuhi. Solène alikwisha kumwahidi.

"Ufunguo umekwama," alisema Gasnier, "na kumfungua hapana. Ukimfungua umemharibu."

"Mama anaumwa, Bwana Gasnier. Huyu haumwi," alisema Solène, akichukua bisibisi.

"Iweke chini hiyo bisibisi, bibi wewe."

Hakuiweka. Alifungua kibao cha mgongoni, akatia vidole, akachomoa kiota cha panya chenye vitoto vilivyokauka. Akanyanyua mkono akitupe.

"Usikitupe hicho," Gasnier alisema, akikinga viganja. "Hicho nacho ni chake."

Ufunguo ukazunguka. Kinanda cha tumboni kikakwaruza, kisha muziki ukatoka, mwembamba. Mwanasesere akainua kidevu, akainua upepeo wake.

Odile naye akainuka. Mtu wa kunyanyuliwa na watu wawili alijikongoja peke yake hadi ubavuni mwa mwanasesere, akainua kidevu vilevile, mkono vilevile, akakodoa macho. Machozi yalimjaa, yakamwagika, wala hakupepesa.

"Kumbe naye alikuwa wa kuonyeshwa," Gasnier alicheka kwa furaha. "Matajiri wa zamani walikuwa na mchezo huo. Binti anavishwa sare na mwanasesere, wageni wanabashiri yupi aliye hai. Akipepesa, baba yake anamchapa."

Muziki uliisha. Odile alibaki vilevile, mkono juu.

"Baba," aliuliza kwa sauti ya kitoto, "wageni wameshaondoka?"

Solène alimkwida Gasnier ukosi, akamsukumia nje yeye na mwanasesere wake, akafunga mlango.

"Wameondoka," alimwambia mama yake. "Pepesa, mama."

Odile hakumwamini.