Viganja vya Kasimu

Kwa miaka ishirini na mitatu Zakaria alikuwa akiosha maiti wa Kiislamu wa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba huko Kongo, na hakuna aliyewahi kusikia kutoka kinywani mwake nani alikuwa na kovu wapi. Wateja wake wa sokoni, anakouza unga wa mahindi, walimtania kwamba hata bei huitaja kwa kunong'ona. Aibu ya maiti aijuaye mwosha: ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyoishi. Kwa hiyo usishangae nikikwambia kwamba siku ya Kasimu, kati ya adhuhuri na alasiri, mzee huyu alizunguka mji kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kasimu alikuwa shemeji yake, mume wa Sikudhani, dada yake mdogo. Alikuwa na malori mawili yaliyopeleka mizigo Dilolo na Fungurume, alitoa mabati ya msikiti, na akipita watu walimpisha njia. Alfajiri walimkuta amelala kando ya barabara ya Lualaba, amekufa, kichwa kimepasuka. Kufikia saa mbili asubuhi polisi walikuwa wameshamkamata fundi wake, Mpoyi, mtu mmoja mpole aliyetoka Kasai. Jana yake jioni soko zima liliwaona wakigombana, mpaka Mpoyi akatupa funguo za lori chini na kwenda zake. Tena nyumbani kwake kulikutwa chuma cha kufungulia magurudumu. Fundi wa magari kukutwa na chuma, jamani! Lakini watu wakishapata mtu, nani anatafuta sababu?

Mpoyi akajitetea, na kujitetea kwake ndiko kulikommaliza. Alisema Kasimu alikuwa akikata waya za shaba za umeme unaokwenda migodini, kwamba alimtaka aende naye amshikie ngazi, na kwamba yeye alikataa, ndiyo ugomvi wenyewe. Lo! Kumsingizia marehemu wizi hata hajazikwa? Zakaria alikuwepo pale posti ya polisi. Yeye ambaye hata mbwa hajawahi kumfukuza kwa jiwe alimpiga Mpoyi kofi mbele ya watu, na akaondoka akiona ametenda haki.

Mpelelezi wa polisi, Ntambwe, alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio ulioharibu kazi. Alijua Waislamu hawapendi maiti wao ashikweshikwe na wageni. Basi alipofika kwa marehemu alivua kofia, akaomba afunuliwe kichwa tu, akatazama, akaandika kwamba Kasimu alipigwa na kitu kizito. Mikono ilikuwa imekunjwa ngumi, hakuigusa. Viatu vilikuwa miguuni, hakuvivua. Akatia sahihi karatasi ya kuzikia na kurudi ofisini, roho yake safi kabisa.

Saa tano Zakaria akaanza kuosha. Mwenzake wa kumimina maji alikuwa mzee mwenye mtoto wa jicho, asiyeona hata kata aliyoishika. Zakaria akasema bismillahi, akauchukua mkono wa kulia, akavinyoosha vidole kimoja kimoja, polepole, kama adabu inavyotaka.

Kiganja kilikuwa kimeungua. Haukuwa moto wa jikoni. Ulikuwa mstari mmoja uliokata kiganja toka upande hadi upande, mweupe na mgumu katikati, mweusi kandokando. Akaufungua mkono wa kushoto, akakuta mstari uleule. Akatazama nyayo, na chini ya kisigino cha kulia akaona kitundu kikavu, umeme ulipotokea. Kolwezi nani asiyezijua alama hizo? Kila mwaka huletwa vijana waliookotwa chini ya nguzo za umeme, wana viganja kama hivyo. Kasimu alishika waya, umeme ukamrusha, akaangukia mawe kichwa kikapasuka, na wenzake wakamburuta hadi barabarani wakakimbia. Mpoyi hakusema neno hata moja la uongo.

Mwenzake akauliza mbona haombi maji tena. Zakaria akasema anapumzika kidogo, mgongo. Kusema kweli kofi la asubuhi lilikuwa linamwasha yeye. Akavikunja vile vidole, akamaliza kuosha, akamvika shemeji yake sanda, akafunga mafundo.

Alikwenda moja kwa moja posti ya polisi. Barabarani vijana walikuwa wameshajaa, wengine na mawe mikononi. Pick-up ya kumpeleka Mpoyi gereza kubwa ingeondoka saa kumi, na watu walisema waziwazi, bila hata kupunguza sauti, kwamba haitafika njia panda. Mazishi yalikuwa saa tisa na nusu. Baada ya hapo udongo ungefunika kila kitu, na Mpoyi angebaki na neno lake peke yake.

Ntambwe alimpa kiti. Zakaria akazunguka na maneno: kwamba Mpoyi huenda hana kosa, kwamba mambo yasifanywe haraka, kwamba kichwa kinaweza kupasuka kwa njia nyingi. Mpelelezi alimsikiliza mpaka akachoka.

"Tata Zakaria, mi siwezi kuandika 'muzee anasema.' Minaandika kitu macho yangu imeona. Weye uliosha mwili. Uliona nini?"

Zakaria akalikwepa swali. Akaomba tu Mpoyi asitolewe leo. Ntambwe akasema hana askari wa kutosha. Akimweka pale, wale vijana watachoma posti na watu wake ndani.

Getini alikuwa ameketi Mwadi, mke wa Mpoyi, na sahani ya bukari, ugali wa huko, iliyofunikwa kwa kitambaa. Tangu asubuhi askari walikuwa wamekataa isiingie kwenye kasho, chumba cha mahabusu. Alisimama alipomwona Zakaria. Hakulia, na afadhali angelia.

"Tata, njo weye ulimuosha. Bwana yangu alimuua?"

Zakaria alitazama miguu yake mwenyewe. Alisema Mungu anajua, akapita haraka, na aibu aliyoisikia pale hakuwahi kuisikia mbele ya maiti yeyote.

Akamkimbilia imamu. Hakutaja jina wala kiganja. Aliuliza tu kama mwosha anaweza kusema alichokiona. Imamu akamkumbusha kwamba anayemsitiri Mwislamu, Mungu atamsitiri. Zakaria akauliza, na kama mtu mwingine atauawa kwa sababu ya sitara hiyo? Imamu akavua miwani, akaifuta sana, akasema suala hilo ni zito, walitazame pamoja baada ya mazishi. Baada ya mazishi! Baada ya mazishi kila mtu ni mwanachuoni.

Akaenda kwake, akatoka. Akafika sokoni, akageuka. Adhana ya alasiri ilimkuta njiani, akaswali bila kujua ameswali rakaa ngapi. Kisha jeneza likainuliwa na yeye akatia bega kama wengine.

Makaburini walijaa wanaume, na wale vijana wa barabarani nao walikuja, maana pick-up ilikuwa bado. Ntambwe alisimama nyuma, kofia mkononi, kwa heshima. Zakaria na wawili wengine wakashuka kaburini kumpokea marehemu. Wakamlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Wale wawili wakapanda juu, wakamwachia mwosha kazi ya mwisho, kufungua mafundo ya sanda. Akafungua la kichwani. Akafungua la miguuni. Alipofika la katikati mikono yake ikasimama, na akajua kwamba akilifungua na kutoka, basi, Mpoyi amekwisha.

Akalifungua, akautoa mkono wa kulia wa Kasimu nje ya sanda, akainua kichwa.

"Ntambwe, shuka huku."

Watu wakaguna. Mmoja akauliza kwa ukali kafiri anashuka kaburini kufanya nini. Mpelelezi alikuwa ameshavua viatu na kuteremka, na Zakaria akamnyooshea vile vidole mbele ya macho yake, sauti yake safari hii ikifika hadi safu ya mwisho.

"Tazama kiganja. Tazama na kisigino. Ni umeme ulimuua, akiwa anakata waya za mukuba. Mpoyi alisema kweli, na mi nilimupiga kofi bure."

Ntambwe alitazama mkono mmoja, akatazama wa pili, akatazama wayo. Akaandika palepale, karatasi juu ya goti, udongo ukimwangukia shingoni. Wazee waliinamisha vichwa. Wale vijana walianza kuondoka, mmoja, wawili, bila kuagana, na mawe yao wakayaacha njiani. Kaburi likafukiwa haraka kuliko kaburi lolote ambalo Zakaria alipata kuliona.

Kabla ya magharibi Mpoyi alitoka kwa miguu yake, Mwadi akiwa mbele na ile sahani kichwani. Zakaria aliwaona kwa mbali. Alifurahi, nisikufiche. Kisha akaenda matangani kumwona dada yake.

Habari ilikuwa imeshatangulia. Sikudhani alimkuta mlangoni, hakumwacha avue viatu. Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka.

"Yaya, kaka yangu, mi nilijua," alisema. "Mwaka muzima nilijua. Hata ngazi ilikuwa inalala mu chumba yangu."

Zakaria akamuuliza, na Mpoyi je? Alikuwa tayari kumwacha Mpoyi afe?

"Mi sikukuwa mu njia, nilikuwa mu matanga, sikujua kama vijana bako na mawe. Nilisema atafungwa. Mutu wa kufungwa anatoka siku moja." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Kasimu nilimuficha mi bibi yake. We yaya yangu, ulimuvua nguo mbele ya batu yote, na batoto yake bataitwa bana ya mwizi mpaka kufa. Mwosha huoshwa. Siku yako ikifika, usiniite."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Zakaria akageuka kuwaaga wanaume, akanyoosha mkono kwa aliyekuwa karibu naye. Yule mtu aliutazama mkono ule, akashughulika na tasbihi yake.