Kola ya Felista

Lori lilikuwa limeshaiacha Kinyangiri, watu wanaimba, ngoma zinagongana, na Felista amekaa juu ya magunia ya mtama, shingo wima kama nguzo ya tembe. Walikuwa wanakwenda Kiomboi kwenye mashindano ya Saba Saba, vijiji vya ujamaa tisa, na mwimbishaji wa Kinyangiri ni yeye.

Mwezi mmoja nyuma alidondoka kutoka darini akishusha nafaka. Hospitali walimvisha kola ya shingo: wiki sita, usiivue. Zilibaki mbili. Kola yenyewe ya sponji, imechakaa kwa jasho. Mzee Gasto, fundi wa kuwamba ngoma, akasema kijiji chake hakitoi mwimbishaji aliyefungwa tambara. Asubuhi ya safari aliivika kola ngozi mbichi ya mbuzi, akaishona ikiwa shingoni vilevile. Ikapendeza hasa. Felista akapita nayo nyumba kwa nyumba.

Sasa jua na upepo wa lori vikaikausha ile ngozi, ikanywea na kukaza. Mate yakagoma kupita. Pumzi ikawa inaingia kidogo kidogo, mabega yanapanda kuitafuta.

"Wifi, mbona kimya?" Marietha, dada wa mumewe, akauliza. "Umeanza kuringa kabla hatujashinda?"

"Ngozi... inanibana."

Mzee Gasto akaigonga kwa kidole. Ikalia. "Aa, imewambika vizuri!" akasema, kabla akili haijamrudia.

Urbano, mwenyekiti wa kijiji, akasimamisha lori. "Vua hicho kitu. Marietha ataimbisha."

"Mimi? Sauti yangu hii ya kufukuzia ndege shambani?"

"Kola haivuliwi," Felista akasema kwa shida. "Mzee wangu, chana ngozi tu. Umeshona wewe, fumua wewe."

Mzee akafumua. Hewa ikaingia.

Lakini kola ya hospitali ilibaki, imekamata kidevu, na mwimbishaji huvuta pumzi ndefu kwa kuinua kichwa. Felista alijaribu, sauti ikakatika katikati. Akajaribu tena, ikakatika. Basi akaweka kiganja tumboni, akavuta pumzi huko chini, kama anavyosaga kwenye jiwe, mabega yametulia. Ilitosha nusu ya ubeti.

"Nikiinua mkono mnapokea," akawaambia. "Kama tunavyopokezana mchi."

Wakafanya mazoezi hivyo hadi Kiomboi.

Uwanjani alisimama katikati bila kugeuza kichwa, kama aliyejitwika mtungi. Mkono ukipanda, kijiji kinapokea. Ukishuka, anachukua yeye. Hakuna ubeti uliokatika. Watu wakaulizana, huyu mama asiyewatazama hata waamuzi ni wa wapi?

"Kinyangiri!" Urbano akapaza sauti, kofia juu. "Wetu huyo!"

Walishika nafasi ya pili. Felista alivua kola wiki mbili baadaye. Hakubeba tena mzigo kichwani, ila aliimbisha miaka kumi na mmoja. Mzee Gasto alifariki mwaka wa vita vya Kagera. Marietha aliolewa Itigi na mtu wa reli. Urbano alihamia Manyoni, akazeekea huko. Lori lilikufa injini.